Hesabu za Kona ya Pili

Treni mbili zinaondoka, moja Poznań, moja Wrocław.
Zitakutana saa ngapi?
Miaka kumi na tisa nimeziondosha treni hizo kila Septemba,
na kila Septemba darasa la saba la Leszno limenitazama
kama abiria waliokwisha kushuka.

Gniewko alilala. Si kusinzia, kulala,
shavu juu ya daftari, kucha nyeusi kwa grisi,
koti likinuka methanoli ya gereji ya mjomba wake.
Jumapili hushika spana huku uwanja mzima ukinguruma.
Jumatatu ni yangu, na kwangu hana kazi.

Nikamgusa bega.
"Mwalimu," akasema, macho bado hayajafunguka,
"pikipiki zetu zina gia moja, na breki hazina.
Treni zako zitatufaa nini?"

Nilitaka kukasirika. Nikakosa pa kuanzia.

Alhamisi nikawapeleka uwanjani na kamba ya kuanikia nguo.
Rasharasha. Udongo mwekundu ukigandamana na viatu.
Tukapima mstari wa ndani, ule unaokumbatia nyasi,
tukapima wa nje, mita nane kutoka pale, karibu na mbao za ukingo.
Ludwika akazidisha kwa pai, karatasi juu ya goti:
mita hamsini zaidi, kila mzunguko.
Mizunguko minne, mia mbili.
"Basi anayepita nje ni mjinga," nikasema, nikijifanya sijui.
(Kweli sikujua.)

Gniewko akachutama, akachota udongo, akaufinya.
"Ndani pamesuguliwa hadi pamekuwa sahani.
Nje udongo umerundikana, tairi lina cha kung'ata.
Njia fupi siyo lazima ikufikishe mapema."
Niliyaandika maneno yake chini ya neno MSUGUANO,
na kwa mara ya kwanza neno hilo likawa na harufu.

Jagna hakupima kitu.
Alisimama kona ya pili, mikono mifukoni,
akiutazama ubao mmoja mpya, mweupe,
kati ya mbao zilizochujuka.
Sote tulijua. Mwezi wa Mei, mbio za tatu, kaka yake Ziemowit,
ambaye sasa anajifunza upya kushika kijiko.
Mjini walisema alitaka sifa.
Walisema, kama watu wasemavyo kokote,
mbio za sakafuni huishia ukingoni.

"Ni nini kilimtupa?" akauliza.
"Sisemi nani. Nini."

Tuliporudi darasani nikaandika: tungamo,
mara kasi, mara kasi tena,
gawa kwa nusu kipenyo.
Nikampa chaki. Sikuwa na hakika kama natenda wema.
Kilomita sabini kwa saa. Kisha themanini na nne.
Chaki ikakatika, akaendelea na kipande.
Kasi ilipanda kwa moja ya tano tu,
mshiko uliohitajika ukapanda karibu nusu.
Aliitazama ile karibu nusu
mpaka kengele ikalia, na hakuna aliyenyanyua mkoba.

"Kumbe alizidisha kidogo tu," akasema.
"Kidogo tu. Kona ndiyo iliyomhesabia mara mbili."

Akafuta ubao mwenyewe, polepole, kuanzia juu,
ila ile sehemu ya mwisho akaiacha.

Mkaguzi alikuja Novemba.
Akauliza haya yako ukurasa wa ngapi.
Nikamwonyesha kamba, bado ina udongo.
Aliandika jambo fupi ambalo sijaonyeshwa.

Gniewko amepata alama tatu katika mtihani,
na tatu, kwake, ni kupanda jukwaani.
Jumatatu bado hulala,
lakini siku hizi huamka kuuliza.
Jana, kwa mfano, shavu likiwa na chapa ya daftari:

"Mwalimu, zile treni zako mbili,
zilikuwa zinakuja kwenye reli moja?
Na breki, je, zilikuwa nazo?"