Mtu Ndani ya Bahasha

Jumamosi, nyuma ya duka la Bukuru la madaftari, pale Mwanga,
tunaburuta meza ya kukatia karatasi, tunawasha taa ya chaji,
na dadu zinalala kwenye kifuniko cha dumu la mawese.

Miaka mitatu Nyabenda amekuwa mganga wa fisi.
Alitaka kusema wa fizi, ulimi ukateleza,
tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta,
na fisi wakabaki, wakazaana ndani ya kisa.

Sheria zetu ziko nyuma ya risiti.
Nyingine hazikuandikwa:
anayelia mezani, mchezo unasimama, chai inachemshwa;
jini la reli haliuawi, hudanganywa tu.

Ndipo Mihayo akashuka na treni ya Tabora,
kwapani bahasha ya kaki, ndani yake mtu:
jina, nguvu, majeraha, dhahabu mia mbili na kumi,
kila safari imegongwa muhuri wa ligi.
Akaketi kama abiria mwenye namba ya kiti.

"Kisa ni cha saa nne, siyo?
Na ukurasa gani unasema fisi anatibu?"

Hakuwa na ubaya. Kwao meza sita
hucheza kisa kilekile siku ileile,
na mgeni haulizi pa kuweka miguu.
Ila mimi, msimulizi, nikaanza kutazama saa.
Jini nikalifupisha.
Gwassa, ambaye hajawahi kuhesabu hata chenji yake,
akauliza taratibu:
na mimi, nina alama ngapi?

Nilimchukia Mihayo kwa muda wa kikombe kimoja.

Kisha akasema, "Bado huyu. Zamu ni zamu,"
akamwelekezea dadu Sikudhani.
Mwaka mzima tulimwita mpole.
Kumbe tulikuwa tunamkata kauli.
Akarusha. Akasimama kabisa, kiti kikaanguka,
akaliambia jini uongo mtamu
ambao hakuna hata mmoja wetu angeuwaza.

Alfajiri ya safari Mihayo alinifuata na karatasi yake:
bila muhuri, usiku ule haukuwapo.
Sina muhuri.
Nilichovya kifuniko kwenye mawese, nikagonga;
duara la rangi ya chungwa likalowa hadi upande wa pili.

Sijui kama Tabora watalikubali.
Kwenye risiti nimeongeza neno moja, zamu,
na saa ya ukutani
nimeigeuza itazame ukuta.