Nusu ya Kiazi

Ukuta ulikuwa wa ghala la pareto,
ule upande usio na dirisha.
Nyagawa aliupaka chokaa mara mbili,
akapima kwa hatua nafasi ya magari kumi na moja,
akachora mistari kwa majivu.
Upepo wa Makambako ukaifuta kabla ya adhuhuri.
Akachora tena, kwa mawe.

Ndiyo sinema yetu. Usicheke.

Kazi yangu ilikuwa viazi.
Nakata kiazi katikati, nasugua kioo cha mbele,
utomvu wake unakataza manyunyu kushika,
maji yanateleza, dereva anaona.
Senti kumi kioo kimoja, ishirini kwa Leyland.
Nikimaliza, Sekindole anavikusanya viazi vilevile,
anavimenya, anavikaanga,
anawauzia walewale.
Hakuna aliyewahi kuuliza
mbona chipsi zina ladha ya vumbi la Tunduma.

Walikuja wa malori ya Zambia.
Ikaja Landrova ya misheni, padri kavaa koti juu ya pijama.
Fiati ya fundi Mgaya, isiyo na injini,
ilivutwa hadi pale siku ya kwanza, haikuondoka tena;
viti vyake vikawa daraja la kwanza.
Sisi wa miguu tulikaa mbele, juu ya magunia,
tukiota joto la injini za watu.
Spika ilikuwa moja, ya mikutano ya hadhara.
Upepo ukigeuka, mapenzi yalisikika Idofi
na sisi tukabaki na midomo inayochezacheza.

Kisha mafuta yakaadimika. Ikatoka amri:
Jumapili, ikishapita saa nane mchana,
gari la mtu binafsi lisiendeshwe.
Na sinema ilikuwa Jumapili.

Jumapili tatu ukuta ulikaa mweupe bure.
Ya nne, tukayasukuma.
Toka Majengo, toka Lyamkena, toka stesheni,
wenye magari ndani, wameshika usukani, gia huru,
wanapungia watu mkono kama maarusi.
Koplo Tweve akasimama katikati ya barabara na daftari.
"Hii gari inaendeshwa?"
"Inasukumwa, afande."
Akaandika. Akafuta.
Akatia daftari mfukoni, akaja nyuma ya Pijo,
akaweka bega.

Mkanda tulioupenda ulikuwa na vipande vitano.
Cha nne hakikushuka kwenye treni.
Mwanamume yuko mlangoni, mvua, barua mkononi;
halafu weupe mtupu, nondo wanacheza kwenye mwanga;
halafu mwanamke peke yake, mtoto mgongoni, anafagia.
Tuliutazama hivyo miezi saba.
Madereva wakasema jela.
Sekindole akaapa ni mama mkwe, barua ni yake,
ukimbishia hupati chumvi.
Padri akasema angalau alimsamehe, bila kutaja nani.
Mama yangu, ambaye Kitwe ilimmezea mume
ikamrudishia kadi moja ya Krismasi,
alisema: hakuna siri hapo.
Aliondoka tu. Watu huondoka.
Alisema hivyo akinikatia viazi,
wala kisu hakikusita.

Nyagawa aliuza mashine wakati wa vita, au baada;
kila anayesimulia ana mwaka wake.
Fiati ilikatwa, ikawa majiko ya mkaa.
Pareto nayo ikaondoka.
Sasa ukuta ni wa duka la mbolea, una rangi ya kampuni ya simu,
ila masika rangi inabanduka, chokaa inachungulia,
na lori likikata kona usiku
taa zake zinapita pale mara moja, zinakwenda zake.

Mwaka jana mjukuu wangu Tumwitike
aliupata mkanda ule kwenye simu yake.
Mzima. Vipande vyote vitano.
Tukautazama jikoni, vichwa vimegusana.
Mlango. Mvua. Barua.
"Simamisha," nikamwambia.
"Bibi, hutaki kujua?"

Nje manyunyu yalikuwa yameanza.
Nikaichukua simu,
nikakifuta kioo chake kwa upindo wa kanga,
polepole, mpaka pembeni.