Ubishi wa Wete

Sega aliiona Shaame peke yake,
dirishani, Maskati; kwa dakika ngapi hakusema.
Sisi tulikuwa na boksi
alilotumiwa mamake Asaa, limejaa kanga,
ubavuni picha ya Nintendo na nyaya zake.

Basi mtaa ukapasuka pande mbili.
Tulibishana ngazini kwa Saburi mpaka mate yakatukauka:
ipi ina rangi nyingi, ipi haikwami,
ipi ina biti kumi na sita,
na biti ni kitu gani
hakuna aliyethubutu kuuliza.
Massoud kanitia ngumi ya pua.
Tukafuturu sinia moja, hatusemezani.

Msimu ule tuliokota mpeta, tukauza,
tukanunua mkono wa gemu, bila mashine,
kidude kimoja kimeng'oka.
Umeme haupo. Tunaupokezana gizani,
waya unaburura sakafuni,
tunabonyeza,
na wallahi tulikuwa tunaruka.

Leo mwanangu anazo zote mbili, ndani ya simu.
Kaniuliza: ipi ilishinda?
Nikampigia Massoud, yuko Dubai.
Hata salamu sijaimaliza:
"Bado u Sega?"
"Bado."
Kakata.