Makopo Manne

Usoke, mwezi wa kumi.
Bati linalia juu kama linakaangwa,
na mama anainua kabati la sukari kwa bega moja,
mimi nasukuma makopo chini ya miguu yake:
manne, ya maziwa ya unga, moja lina kutu.
"Jaza maji. Tone la mafuta taa. Tone, nimesema."
Kabati letu likawa kisiwa.
Nyenyere walifika ukingoni, wakayapapasa maji,
wakarudi kupeana habari.

Sufuria ya ugali isilale bila kulowekwa.
Kiatu kikung'utwe kwanza, nge hapigi hodi.
Ufa huzibwa siku unayouona,
kwa mavi ya ng'ombe na udongo wa kichuguu;
ndiyo, wa kichuguu,
mama alichota kwa adui akamfungia adui mlango.
Na majivu kizingitini, mstari mmoja, usikanyagwe.
Kapaya aliukanyaga kila siku,
kila siku akatumwa kuuchora upya,
mpaka mkono wake ukazoea kunyoosha mstari
kuliko mwalimu wake wa hesabu.

Shangazi Nyamizi alikuja kutoka mjini na dawa ya kupuliza.
Akapuliza, akafunga mlango, tukakaa nje tukikohoa.
Mende watatu wakatoka kwa miguu yao,
wakatutazama,
wakarudi ndani.

Lakini mchwa hawana haja na mlango.
Hutoka chini, hujenga kinjia cha udongo
chembamba kama mshipa wa mkono,
nyuma ya fremu, mahali ambapo jicho halina kazi.
Siku moja kabla ya Idi mama alishusha picha ya baba aifute vumbi.
Kioo kizima. Fremu, kwa nje, nzima.
Ndani ilibaki kofia ya reli na sikio moja.

Hakulia. Alikwangua ukuta kwa kisu,
akamwaga maji ya moto, akamwaga chumvi,
akamwaga mafuta taa yote ya wiki.
Siku nne tulikula gizani.
Picha nyingine hatukuwa nayo.

Kisha ikanyesha ile mvua ya kwanza, ya usiku,
inayofanya udongo unuke kama chungu kipya.
Na mama, aliyeziba hata tundu la ufunguo kwa kitambaa,
akafungua milango yote miwili.
Akaweka karabai katikati ya sebule
na beseni la maji chini yake.
"Waacheni waingie."

Wakaingia.
Kumbikumbi ukutani, kumbikumbi kwenye nywele,
kumbikumbi ndani ya gauni la shangazi, shangazi akipiga kelele.
Kapaya alisimama juu ya majivu kwa miguu yote miwili,
asipate wa kumkemea.
Tuliwakaanga bila mafuta, wana yao,
chumvi ikaombwa kwa jirani.
Mama alitafuna taratibu.
"Unajua unakula nani?"
Nikasema kumbikumbi.
"Ndugu zao wale wa ukutani," akasema.
"Basi kula vizuri. Kuna mabega humo.
Kuna na mdomo wake,
ulitaka kucheka, mpiga picha akaukataza."

Asubuhi tulifagia mabawa, debe zima na kitu juu.
Hayakutaka kutoka. Ukiyasukuma nje
upepo unakurudishia mlangoni.

Sasa naishi Ipuli, nyumba ya vigae.
Fundi alimwaga dawa chini ya msingi,
akanipa kadi ya dhamana, miaka kumi, ina muhuri.
Sina kabati lenye miguu.
Mvua ya kwanza ikikaribia, majirani wanazima taa
na kufunga madirisha, nami nazima zangu
chumba kwa chumba.
Naacha moja, ya sebuleni,
na mlango, upana wa kiganja.