Vipimo vya Mlalo

Eduvina alijilaza juu ya ubao mtupu,
futikamba mkononi, kisogo juu ya mfuko wa saruji,
akatazama wanachotazama wasioinuka tena:
dari.
Akanyanyuka, akafuta dirisha kwenye ramani,
akalishusha mpaka sentimita arobaini,
usawa wa mto, usawa wa jicho la aliyelazwa,
ili ghuba ya Castro iingie, kupwa na kujaa,
bila kumwomba ruhusa muuguzi.

Milango aliipanua. Si kwa ajili ya machela tu:
kitanda kitoke kizima, na mtu wake, na mrija wake,
kikasimame chini ya mtufaa.

Lakini paa alilikosea.
Alilishindilia sufi tabaka tatu,
akidhani anayekufa anataka kimya.

Rosendo Barría, seremala wa mashua,
ini limekwisha, ulimi bado una makali,
alimwita siku ya tatu.
“Binti, huko nje kunanyesha?”
“Tangu juzi, don Rosendo.”
“Mbona basi mmeniziba masikio kabla ya wakati?
Miaka sabini na minane nimelala chini ya mabati.
Mvua ndiyo iliyonibembeleza.
Iacheni imalize kazi yake.”

Tukapanda wawili, mimi na Nahuel,
tukabandua sufi juu ya chumba chake,
halafu cha jirani, halafu
vyote.

Usiku ule ilinyesha kwelikweli.
Muuguzi anasema alikuwa akihesabu,
kidole kikigonga shuka, tone kwa tone.

Alifika ngapi, sijui.
Misumari ile niliipigilia mimi.