Sehemu ya Kumi na Tisa

Mlangoni nakaa mimi, na kopo la maziwa ya unga
lenye sarafu za mia mbili mbili.
Banda la mabati, Newala, nyuma ya ghala la korosho.
Ukungu huingia bila kulipa.

Ndani, Chimbuli na kipaza sauti chake.
Kijapani hajui. Anasoma Kiingereza kinachopita chini,
robo anaelewa, robo tatu anatia chumvi:
muuaji kambatiza Karani wa Mizani,
polisi wanakimbia kama wanadaiwa na chama cha msingi,
nasi tunacheka hata penye maiti.

Sehemu kumi na nane tumecheka hivyo.
Msichana Hanae, nyumba tupu,
simu inalia kila saa nane ya usiku,
sauti kama ya mtu aliye ndani ya mtungi:
fungua droo ya tatu, usiwashe taa, hesabu ngazi.
Nani huyo? Likapa wa bodaboda aliweka dau la buku tano
kuwa ni daktari mwenye glavu.
Somoe wa ming'oko akasema daktari yule hana ubavu huo.

Ijumaa, ya kumi na tisa.
Hanae akaufuata waya, ukutani, chini ya mbao,
hadi kwenye kisanduku cha kanda,
vigurudumu viwili vinazunguka,
na mwandiko juu ya kila kanda
ni ule ule wa kwenye daftari lake la chekechea.

Mama.
Aliyekufa kabla ya sehemu ya kwanza.
Alijua watakuja, akarekodi njia ya kumtoa mtoto,
usiku baada ya usiku, huku akikohoa.

Kanda ya mwisho haikuwa na amri.
Sauti ilikuja bila mtungi, maneno machache tu,
herufi nyeupe zikapita chini ya kioo
na Chimbuli akanyamaza.

Tukamsubiri. Tukasikia feni.
Tukamsikia anameza mate kwenye spika zote mbili.
Ganda la ming'oko lilianguka, nalo tukalisikia.
Hanae akapiga magoti, akaitikia neno moja,
picha ikaganda, majina yakaanza kupanda.

Hakuna aliyedai chake.
Likapa alivaa helmeti humo humo ndani,
akashusha kioo, akakaa.
Mwalimu Nandonde, aliyefuata mtoro wa darasa la sita,
alikuwa amekaa na mtoro huyo kwenye benchi moja.

Nje ndipo ulimi ukarudi.
"Kamtajia muuaji," alisema Likapa, kioo bado chini.
"Muuaji wa nini!" Somoe akatua beseni.
"Mama anakufa, akuachie jina la muuaji?
Kamuuliza kama amekula."
Mwalimu akasema, taratibu, kamwomba radhi.
Mchopa mdogo akasema, kamwambia arudi nyumbani.
"Nyumbani wapi, na yumo humo humo?"
Mtoto akanuna, akapiga kopo teke.

Jumamosi ni marudio. Huja watu tisa, wengi wa usingizi.
Walikuja arobaini na watatu.
Pale pale, Chimbuli akanyamaza tena.
Safari hii hakuna aliyemsubiri.
Kwa mwanga wa televisheni niliona midomo ikicheza,
kila mmoja na lake.

Nilimuuliza akiwa anakunja nyaya:
paliandikwa nini?
"Kiingereza chepesi," alisema. "Hata wewe ungekisoma."
Akabeba betri, akaenda zake.

Nilihesabu hela mara mbili, hazikulingana.
Nikapiga simu Kitangari.
"Kuna nini? Nani kafa?"
Hamna, mama.
"Hamna? Basi kata, unamaliza salio bure."
Hakukata.
Nami sikukata.