Kisima cha Juu, Chapa ya Pili

Santuri imefika Wete Jumanne,
boksi limebonyea pembe moja.
Mbwana wa posta kanitilisha saini mara mbili,
akalipima kiganjani: "Sinia?"
Mize Shaame, nikamwambia.
"Yule wa mkasi!"

Ndiye. Wa mkasi.
Aliyeimba huku akikata kaniki,
kra, mwisho wa kila mshororo,
na kinanda cha betri kikimfuata nyuma
kama mbu aliyehitimu chuoni.
Harusini kwa kina Asaa walimzimia jenereta
hajafika beti ya pili.
Si taarabu, si dansi, si kasida,
basi ni n'ni?
Mize akakunja waya wake,
akala pilau yake,
akaaga mmoja mmoja.

Leo jalada linasema: "Alitangulia wakati wake."
Kaandika mtu wa mbali, kwa heshima, herufi za dhahabu.
Mie nilikuwako katika wakati wake.
Ulikuwa msimu wa karafuu, umeme wa mgao,
naye alikuwa ndani yake hasa,
kanga kajifunga kibwebwe, miguu peku,
anatuhimiza tumalize kabla ya magharibi.

Tulirekodi ghalani,
kwa kuwa magunia hula mwangwi.
Nilikuwa na miaka tisa. Kazi yangu: mlango wa bati.
Niushike, usibamize.
Ujira: kipande cha halua.

Kaseti ya nyumbani ilikuwa na mvua ndani yake,
mvua isiyokatika, upande wa kwanza na wa pili.
Na wimbo wa tatu alikuwamo jogoo.
Mama akikuna nazi huku akiimba, akifika pale
husita, humwachia jogoo nafasi yake,
kisha huendelea.
Mkanda ulipokatika tuliuunga kwa rangi ya kucha,
tukapoteza neno moja.
Jana nimelisikia. Lilikuwa "labda."

Maana jana usiku, watoto wamelala, nilishusha sindano.
Mvua imekatika.
Kimya kile
kama chumba kilichofagiwa jeneza likishatoka.
Mize amekaa karibu mno,
nasikia mate yakimshuka kooni,
nasikia kanga ikigusa kanga.
Wimbo wa tatu nikasita. Nikangoja.
Hapana jogoo.
Wamemchinja bila bismillahi.

Nilikasirika, mkono ukenda kwenye sindano.
Sikuinua,
kwa ajili ya wimbo wa mwisho,
ambao miaka thelathini na sita nausikiliza kwa aibu.
Pale anaposema "kisima" mara ya tatu
panapiga kishindo,
na kishindo kile ni mimi.
Nilisinzia. Mlango ukaniponyoka.
Betri zilikuwa zimekwisha, hapakuwa na kurudia.
Mpiga fidla alinikata jicho,
na baba, njia nzima: weye huaminiki,
weye huaminiki,
mpaka nikaolewa nalo neno hilo.

Safari hii, mvua haipo,
na kishindo kimegawanyika.
Kwanza chuma juu ya saruji, kidogo, kikali,
kinatoka mbele, miguuni pake.
Halafu pumzi, "aa," fupi,
anaimeza, anaendelea kuimba.
Ndipo bati, nyuma sana,
mlango ulioshtuka pamoja na aliyeushika.

Nimerudia mara saba.
Mume wangu kaamka, kauliza kuna nini.
Mkasi, nikamwambia. Akalala.

Mize, Mungu amrehemu, alijua.
Wakati wananisuta, yeye alikuwa kageukia magunia,
mkono kauficha kwenye kanga.
Hakusema kitu.
Ila ujira wa siku ile ulikuwa vipande viwili,
na cha pili kilikuwa na alama ya kidole juu yake,
nyekundu.
Nililamba.
Nilidhani zafarani.